Maua ya shanga na waya: kutoka asumini ya jioni moja hadi waridi la petali 12

Waridi langu la kwanza la shanga nililimaliza usiku wa manane, nikaliacha mezani ili wenzangu waamke nalo. Shangazi ndiye aliyetangulia kuamka, kwa ajili ya alfajiri. Akaliokota, akaligeuzageuza kwenye taa, akaniambia bila hata kucheka: "Mwanangu, hii kabichi yako umeipatia kweli."

Hakukosea. Petali zote zilikuwa saizi moja, zote bapa kama kadi, na tatu kati yake zilikuwa na pengo ubavuni, pale nilipoishiwa waya nikaunga. Ubapa nitaueleza mbele. Hayo mengine mawili yalikuwa na chanzo kimoja: nilikata vipande 12 vya waya vilivyolingana kabla sijaanza kazi. Kipande ndicho kilichoamua ukubwa wa petali, wala si mimi.

Basi hili ulishike kabla ya lolote: shanga hutungwa kwenye waya ukiwa bado kwenye roli, na waya haukatwi mpaka petali iishe.

Vitu vya kutafuta

Chukua shanga ndogo za kioo, zilezile wanazotumia akina mama wa Kimasai kwa mikufu na bangili. Nyingi kati ya zile nzuri hutoka Ucheki, upande wa mji wa Jablonec nad Nisou. Unachotaka ni namba 11, ambayo punje yake ina kipenyo cha karibu milimita 2. Angalia usichanganyikiwe dukani, maana namba ikipanda punje inapungua: namba 8 ni kubwa kuliko namba 11. Za plastiki ziache. Ni nyepesi, hazishiki mwanga, na ua lake hata ukiwa mbali unaliona limefifia.

Kwa waridi moja lenye majani mawili, gramu 25 za rangi ya ua na gramu 10 za kijani zinatosha na kubaki kidogo. Ukikuta shanga zilizotungwa kwenye nyuzi, chukua hizo badala ya zilizomwagwa kwenye pakti. Sababu utaiona muda si mrefu. Kabla ya kununua nyingi, nunua kidogo ukazijaribu nyumbani: chovya pamba kwenye asitoni ya kufutia rangi ya kucha, usugue punje mbili tatu. Pamba ikichukua rangi, ujue rangi ile imepakwa juu tu, na dirishani haitadumu. Pinki na zambarau ndizo zenye tabia hiyo zaidi.

Waya ndio unaowasumbua wengi, kwa sababu wanautafuta kwenye maduka ya urembo. Nenda kwa fundi anayesuka mota za umeme. Ana waya wa shaba uliopakwa vanishi, wa unene wa kila aina, anaupima kwa uzito, na vanishi ile inazuia shaba isigeuke kijani. Mwombe wa milimita 0.4 kwa petali na majani, na kidogo wa milimita 0.3 kwa asumini na kwa kufungia. Taja milimita, usitaje geji, kwani geji za Kiingereza na za Kimarekani hazilingani. Na uwe mpya. Ule uliofumuliwa kutoka kwenye mota iliyoungua una masizi na vikunjo visivyonyooka tena.

Waya wa chuma wa kufungia nondo ni rahisi, lakini sisi wa pwani hautufai kwa petali. Upepo wa bahari unaula. Huko Ufaransa karne ya 19 walitengeneza mashada ya makaburini kwa shanga na waya, na kutu ndiyo iliyoyamaliza mengi, kioo kikiwa bado kizima.

Vingine vimo nyumbani au jirani: plaizi ya mdomo mwembamba, kitu cha kukatia waya (mkasi wa nguo usiuharibu), rula, penseli, kijiko cha chakula, uzi wa kudarizi wa kijani, na spoku za zamani za baiskeli. Ndiyo, spoku. Ni nene milimita 2 hivi, imenyooka, haipindi kwa uzito wa ua, na ile nundu yake ya mwisho iliyopinda utaishukuru wakati wa kufunga.

Kutunga

Shanga zikija kwenye uzi, usizimwage. Shika uzi ukiwa umekazwa kidogo, ingiza ncha ya waya kwenye matundu sambamba na uzi, sukuma sentimita 3 au 4 kwa mkupuo mmoja, kisha vuta uzi utoke. Ncha ya waya ikatwe mshazari ili iwe kali. Kwa namna hii mita moja ni kazi ya dakika chache tu.

Zilizomwagwa zitie kwenye bakuli dogo hadi nusu, pinda ncha ya waya kidogo kama ndoana butu, uwe unachota huku bakuli ukilizungusha. Chini tandika kanga. Shanga ikidondoka kwenye sakafu tupu inaruka mpaka uvunguni, na mwenye mtoto anayetambaa anajua mwisho wake; kila punje iokotwe.

Unapotunga, tupa punje nyembamba kupita kiasi, nene kupita kiasi na zenye tundu lililoziba. Ukiionea huruma punje moja mbovu utaiona kila siku kwenye ua. Ukimaliza, kunja ncha ya waya iwe fundo dogo ili shanga zisimwagike.

Utunge kiasi gani? Petali kubwa ya waridi hili inakula karibu sentimita 31 za shanga zilizobanana, ya kati 23, ndogo 16. Waridi zima ni kama mita 3. Mimi hutunga mita moja moja. Zidisha kila mara, kwa sababu petali ikishaanza huwezi kuongeza shanga upande wa fundo. Ukiishiwa katikati ya kazi, njia ni moja: kadiria waya mtupu wa safu zilizobaki, ongeza shibiri nzima, kata upande wa roli, kisha tunga kupitia ncha hiyo mpya.

Asumini, ili mkono uzoee

Usianze na waridi. Anza na asumini, ambayo ni vitanzi tu, na kosa lake halionekani sana.

Tunga sentimita 25 za shanga nyeupe kwenye waya wa milimita 0.3. Acha sentimita 10 za waya mtupu kutoka kwenye fundo, hesabu punje 20, zikunje ziwe kitanzi, sokota shingo yake mara 2. Mbili tu. Shaba inakuwa ngumu kila unapoisokota, na ukiichokoza sana inakatikia papo hapo shingoni. Mara moja, bila kuacha nafasi, hesabu 20 nyingine, kitanzi cha pili kando ya cha kwanza. Endelea hadi vitanzi 6. Sasa ndipo unapokata kutoka kwenye roli, ukiacha sentimita 10.

Bana kila kitanzi kwa vidole mpaka pande zake mbili zigusane. Kitakuwa chembamba na kirefu, kama petali ya asumini ilivyo. Nyaya mbili zilizobaki zikutanishe chini katikati, usizisokote bado, uzipitishe zote mbili ndani ya punje 6 za kijani hafifu. Hiyo ndiyo shingo ndefu ya asumini, ambayo wengi huisahau kisha wakashangaa ua lao linafanana na nyota ya Krismasi. Chini ya punje hizo sokota. Mwisho pinda ncha za petali kidogo kwa nje.

Watu hupenda kuweka punje ya njano katikati. Asumini haina njano katikati.

Ukitengeneza 12 na kuzifunga pamoja unapata kikuba cha bibi harusi kisichonyauka. Ila kila atakayekishika atakipeleka puani kwanza, hilo halina dawa. Au lina: kabla ya kufunika vikonyo kwa uzi, funga katikati yao kipande cha pamba kama punje ya maharage chenye tone moja la mafuta ya asumini. Tone moja, si mawili, yasije yakachuruzika kwenye nguo.

Petali yenye uti

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ukiijua petali hii unaweza kutengeneza karibu ua lolote. Tumia waya wa milimita 0.4.

Sukuma punje 4 mpaka zibaki sentimita 10 kutoka kwenye fundo. Hizo nne ndizo uti. Kipande kilicho juu yake nitakiita waya wa juu. Chini ya uti, upande wa roli, acha waya mtupu wa sentimita 16, ukunje uwe kitanzi kirefu, usokote mara 5 palepale chini ya punje ya mwisho. Angalia ulicho nacho: waya umesimama juu, punje 4 katikati, kitanzi kinaning'inia chini, na waya wa roli wenye shanga unachomoza ubavuni chini ya uti. Kama huoni hivyo, fumua sasa. Ukijisemea "itajinyoosha mbele ya safari," haitanyooka.

Leta shanga karibu, panda nazo upande wa kulia wa uti, zikiulalia bila mwanya. Ukifika juu, pitisha waya mbele ya waya wa juu, uuzungushe wote mara moja, utokee kushoto. Shuka na shanga upande wa kushoto hadi chini, zungusha vilevile kwenye shingo ya kitanzi. Hizo ni safu 3: uti, kulia, kushoto. Panda tena kulia nje ya safu iliyopo, na kuendelea. Kwa kuwa uti ni mmoja na kila mzunguko unaongeza safu mbili, hesabu kamili huwa witiri: 5, 7, 9. Ukipata shufwa, upande mmoja umeusahau.

Katika kazi hii vidole visikilize mambo matatu. La kwanza ni mkazo: waya uvutwe kiasi cha safu kugusana, usivutwe mpaka petali ikakunjamana. La pili, zungusha kuelekea upande uleule kila mara. Ukichanganya, waya mtupu utaonekana pande zote mbili, na petali inatakiwa kuwa na uso mmoja safi. La tatu ni pembe. Waya wa roli ukiukata waya wa juu kama msalaba ulionyooka, ncha ya petali inakuwa mviringo. Ukitaka ncha kali kama ya jani, ongeza punje moja juu kabla ya kuzungusha, kisha uzungushe waya ukiwa umeinama mshazari.

Itatokea waya ujikunje wenyewe kitanzi kidogo. Usivute! Ukivuta, pale ndipo utakapokatika. Sukuma pande mbili zikaribiane mpaka kitanzi kifunguke, kisha unyooshe kwa kucha.

Safu zikitimia, zungusha waya wa roli mara 2 shingoni, kata. Waya wa juu ukate ubaki milimita 5, uukunje kwa plaizi nyuma ya petali, ulale kabisa. Usipolala utachana kidole cha mtu anayefuta vumbi. Kitanzi cha chini kikate upande mmoja, karibu na msokoto, ubaki waya mmoja mrefu. Unapokata, kishike kipande kinachokatwa, kwa sababu kikiachwa huru kinaruka hadi machoni.

Petali ya kwanza itakuchukua nusu saa na itakuwa mbaya. Ya nne itakuwa petali.

Waridi

Petali 3 ndogo za safu 9, petali 4 za safu 11, petali 5 za safu 13. Zote uti wa punje 4, zote ncha ya mviringo. Ukiweza kupata nyekundu mbili, ile iliyoiva zaidi iende kwa zile 3 za ndani. Ua litapata kina hata kwenye mwanga hafifu. Kwa jani, uti ni punje 10, safu 9, ncha kali. Tengeneza mawili.

Sasa turudi kwenye kabichi ya shangazi. Petali ya waridi ni kikombe. Kila petali iweke juu ya mgongo wa kijiko, uso wake safi ukiwa umelala kwenye kijiko, uibonyeze kwa dole gumba kutoka katikati kwenda pembeni mpaka ishike umbo. Kwa zile 5 kubwa ongeza jambo moja: ukingo wa juu uviringishe nje kwenye penseli, kidogo tu. Waridi lililofunguka hukunja midomo nje, na jambo hili dogo lina faida kuliko petali mbili za ziada.

Petali ndogo ya kwanza izungushe kwenye penseli mpaka ikaribie kujifunga kama kitumba. Ya pili ikumbatie ya kwanza kutoka upande wa pili, ya tatu ifunike pengo. Sokota nyaya zao pamoja, kisha zifunge kwa waya wa milimita 0.3, mizunguko 5, hapohapo chini ya shanga. Ukifunga chini zaidi ua litacheza shingo. Zile 4 zipange kuzunguka, kila moja ikiwa mbele ya pengo la zile za ndani, funga tena. Halafu zile 5, kwa utaratibu uleule. Kila ukifunga, geuza ua ulitazame kutoka juu. Petali isiyokaa sawa isukume sasa. Tabaka likishafunikwa huifikii tena.

Chini weka sepali: vitanzi 5 vya kijani vya punje 15 kila kimoja, kwa njia ya asumini, ukivizungusha shingoni mwa ua na kuvikunja chini. Vinaficha vifungo vyote. Wakati mwingine nafikiri ndiyo kazi yake hata kwenye waridi la Mungu.

Kikonyo

Una nyaya 12 zinazoning'inia. Ukizikata zote mahali pamoja, kikonyo kitakuwa na uvimbe kama nyoka aliyemeza panya. Zikate kwa kupishana: hii sentimita 4, ile 6, nyingine 8, ili unene upungue polepole. Weka spoku katikati, nundu yake iliyopinda ikiwa juu ili nyaya ziikamate na ua lisiteleze, kisha funga kwa waya mwembamba kuanzia juu hadi nyaya zinapoisha.

Funika kwa uzi wa kudarizi. Anzia chini ya sepali kwa tone la gundi, zungusha spoku badala ya kuuzungusha uzi, mizunguko ikigusana. Ukishuka sentimita 6 ingiza jani la kwanza, kaza mara kadhaa, endelea. Sentimita 4 chini yake, upande wa pili, jani la pili. Malizia kwa gundi. Wanaouza vifaa vya maua wana tepu ya kijani inayonata ikivutwa, na ni ya haraka zaidi. Mimi huona uzi unakaa vizuri zaidi machoni, na kwenye joto la Machi hauachi utelezi mkononi.

Kwenye chombo, ua la shanga ni zito kwa juu na hupinduka. Jaza chombo kokoto, au mimina jasi: sehemu moja ya maji, sehemu mbili za unga, unga ukiingia kwenye maji. Kuna dakika chache tu za kulisimamisha ua kabla halijashikwa, kwa hiyo amua linatazama wapi kabla ya kukoroga.

Likichafuka

Vumbi litolewe kwa brashi laini, ile ya poda inafaa. Likizidi, mara moja kwa miezi kadhaa, ua la shaba lichovye kichwa tu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, litikise, lichovye kwenye maji safi, ulininginize kichwa chini kwenye feni mpaka likauke ndani ya petali. Spoku na uzi visiguse maji. Lile lililokaa kwenye jasi liling'oe vumbi kwa brashi tu. Na ile asumini yenye pamba ya mafuta usiioshe. Fungua uzi kidogo, toa pamba ya zamani, weka mpya.